Kasoro Isiyojirudia: Swali la Sababu katika Ndege Ndogo za Redio

Miongoni mwa maswali ambayo falsafa imeyarithisha kizazi baada ya kizazi bila kuyafunga, limo swali la sababu: ni kwa haki gani akili ya binadamu, iliyoshuhudia tukio moja likifuatwa na jingine, husema kwamba la kwanza ndilo lililoleta la pili? Swali hili kwa kawaida hujadiliwa kwa mifano ya moto na pamba, au ya mipira inayogongana juu ya meza, yaani mifano ya mambo yanayotokea kila mara kwa namna ile ile, na kwa hiyo mjadala wake humwachia msomaji hisia kwamba ni mchezo wa wasomi, kwa kuwa hakuna apataye hasara kwa kutokuwa na hakika kama moto huunguza. Uzito wake huonekana pale ambapo tukio halijirudii, au hujirudia bila mpangilio, na ambapo anayeuliza hulazimika kuamua kabla ya kujua. Uwanja mmojawapo wa aina hiyo, mdogo kwa ukubwa lakini mkali kwa mantiki, ni ule wa watu wanaotengeneza na kurusha ndege za mfano zinazoongozwa kwa redio, na hasa kazi yao ya kutafuta chanzo cha hitilafu katika redio hiyo na katika umeme unaoilisha.

Ndege ya mfano kwa maana inayokusudiwa hapa ni chombo kamili chenye mabawa, mkia na injini au mota, kinachorushwa na mtu aliyesimama ardhini akiwa ameshika rimoti, ambayo huzigeuza nyendo za vidole vyake kuwa mawimbi. Ndani ya ndege mna kipokezi, yaani kifaa kinachoyanasa mawimbi hayo na kuyafasiri kuwa amri za umeme, na kutoka katika kipokezi huenda nyaya hadi kwenye sevo, ambazo ni mota ndogo zenye giya, kila moja ikisukuma au kuvuta kibamba cha bawa au cha mkia hadi kwenye pembe iliyoamriwa. Vyote hivyo hulishwa na betri. Ufundi huu una umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani: ndugu wawili, Walter na William Good, waliirusha ndege yao iliyoitwa Guff katika jimbo la Michigan, Marekani, mwaka 1937, na chombo hicho sasa kimehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, na mwezi Agosti 2003 ndege ya timu iliyoongozwa na Maynard Hill, yenye uzito usiozidi kilo 5 pamoja na mafuta yake, ilivuka bahari ya Atlantiki kutoka Newfoundland hadi Ireland kwa muda wa karibu saa 39. Ndege za timu hiyo zilizotangulia hazikufika. Kati ya miaka hiyo miwili ufundi ulibadilika karibu katika kila kitu, isipokuwa hofu moja, nayo ni ile ya kukisogeza kijiti cha rimoti na kuiona ndege ikiendelea na njia yake kana kwamba haikuambiwa neno.

Kwa sehemu kubwa ya historia hiyo, jibu lililokaa karibu na ulimi wa kila mrushaji ndege yake ilipoanguka lilikuwa mwingiliano wa mawimbi, yaani kwamba mawimbi ya redio nyingine yaliingia katikati ya rimoti na kipokezi na kuivuruga amri. Jibu hilo halikuwa la kubuni. Redio za zamani barani Ulaya zilitumia masafa ya megahezi 27 na baadaye 35, na nchini Marekani megahezi 72, ambapo kila rimoti ilikaa kwenye chaneli moja iliyowekwa na kipande cha kwatzi, hivyo watu wawili waliowasha rimoti za chaneli moja kwa wakati mmoja walikuwa wanakiamuru kipokezi kimoja mambo mawili yanayopingana. Ndiyo maana vilabu viliweka ubao wa vibanio, na ikawa mwiko mtu kuwasha rimoti kabla ya kukichukua kibanio cha chaneli yake. Nchini Uingereza, katika miaka iliyokaribia 1980, redio za mazungumzo za madereva na wapenzi wa mawasiliano, ambazo hazikuruhusiwa kisheria hadi tarehe 2 Novemba 1981, ziliyajaza masafa ya megahezi 27 bila kuwajali waliokuwa na ndege angani. Adui wa nje alikuwepo kweli.

Hata hivyo, adui huyo alikuwa na sifa moja ambayo ingepaswa kuwatia shaka wanaofikiri. Hakuonekana, hakuacha alama, na hakuweza kuhojiwa baada ya tukio. Hivyo angeweza kutajwa katika kila ajali bila kukanushwa katika yoyote. Ndege iliyoanguka kwa sababu fundi wake hakuibana plagi vizuri, na ile iliyoanguka kwa sababu jirani aliwasha redio, zote mbili ziliweza kuandikwa katika daftari moja la mwingiliano. Maelezo yanayolingana na kila matokeo hayaelezi chochote, na kibaya zaidi, humwondolea anayeyatoa wajibu wa kujitazama. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki msiba usioeleweka husemwa kwamba una mkono wa mtu, na wasomi huwacheka wasemao hivyo. Lakini mhandisi mwenye shahada ambaye, kabla ya kuifungua ndege yake, huilaumu redio ya mtu asiyemjua aliye upande wa pili wa kilima, amesimama mahali pale pale kimantiki, tofauti ikiwa ni kwamba msamiati wake unatoka katika kitabu cha fizikia.

Katikati ya muongo wa 2000 zilianza kuenea rimoti za gigahezi 2.4, ambazo haziketi kwenye chaneli moja bali huitawanya ishara yake katika upana mkubwa wa masafa, au huruka kutoka chaneli moja hadi nyingine mara nyingi kwa sekunde, huku kila kipokezi kikiwa kimefunganishwa na rimoti yake na kuzipuuza nyingine zote. Ubao wa vibanio ukapoteza kazi. Kama mwingiliano ndio uliokuwa chanzo kikuu cha ajali zisizoeleweka, basi ajali hizo zingepaswa kukoma au kukaribia kukoma. Hazikukoma. Ndege ziliendelea kunyamaza angani, na safari hii zilinyamaza kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa vipokezi vipya ni kompyuta ndogo ambazo, volti zikishuka hadi kufikia takriban 3.5 au chini ya hapo, huzirai, kisha umeme ukirejea huanza kujiwasha upya na kuitafuta rimoti yao. Katika vipokezi vya mwanzo shughuli hiyo ilichukua sekunde kadhaa, na ndege inayokwenda mita 25 kwa sekunde huwa imevuka mita 75 katika sekunde tatu bila kuwa na anayeiongoza. Kipokezi cha kale, kisicho na kompyuta, kilipokutana na upungufu huo huo wa umeme kilitikisika kidogo kisha kikaendelea na kazi. Ni vigumu kulikwepa hitimisho kwamba sehemu fulani ya mitikisiko iliyoitwa mwingiliano kwa miongo mingi ilikuwa, tangu mwanzo, njaa ya umeme iliyokuwa ikipita upesi kiasi cha kutotambulika.

Uchunguzi wa umeme huo una mtego unaowanasa hata watu makini. Mtu huchukua mita, akaipima betri ya kipokezi ikiwa imetulia, akaiona inaonyesha volti 5.0, akaridhika, na kweli betri ya seli nne za nikeli, ambapo kila seli huhesabiwa volti 1.2, hujulikana kama betri ya volti 4.8, kwa hiyo kipimo kinaonekana kuwa kizuri kuliko ilivyotarajiwa. Lakini kila betri ina ukinzani wake wa ndani, yaani kizuizi ambacho mkondo wa umeme hukutana nacho ndani ya betri yenyewe kabla haujatoka, na kizuizi hicho huongezeka kwa uzee na kwa baridi. Ikiwa ukinzani wa betri ukijumlishwa na ule wa swichi, plagi na nyaya umefikia omu 0.3, na sevo kadhaa zikavuta kwa pamoja ampea 5 wakati ndege inapopinda kwa nguvu, basi kwa kanuni ya Ohm volti 1.5 hupotea njiani na kipokezi hubakiwa na volti 3.5. Vijiti vikirudi katikati, volti hupanda tena, na hakuna kilichobaki cha kuonyesha kwamba jambo lilitokea. Mita iliyosoma 5.0 mezani haikusema uongo, ila iliulizwa swali ambalo ndege haikuwahi kuuliza.

Katika ndege za mota ya umeme hali ina sura nyingine. Humo mara nyingi kipokezi hakina betri yake, bali hulishwa na saketi ndogo iliyomo ndani ya kidhibiti-mwendo, ambayo huzipunguza volti za betri kubwa hadi kiasi cha 5. Saketi ya aina rahisi hufanya hivyo kwa kuibadilisha ziada yote kuwa joto: betri ya seli tatu za lithiamu yenye volti 11.1, ikipunguzwa hadi 5 huku sevo zikivuta ampea 2, huifanya saketi hiyo iteketeze karibu wati 12 katika kipande kisicho kikubwa kuliko ukucha, nayo ikizidiwa na joto hujizima. Zaidi ya hayo kuna nyaya za betri za nikeli ambazo waya wake hasi huliwa na kutu nyeusi inayotambaa chini ya ganda la plastiki, ukionekana mzima kwa nje na ukikataa hata kushika risasi ya kulehemu. Kuna fimbo ya usukani inayokwama kidogo na kuifanya sevo iungurume bila kupumzika. Na kulikuwa, katika enzi ya megahezi 35, na viungo vya chuma vilivyogusana na chuma kwa ulegevu, ambavyo mtetemo wa injini uliviwezesha kutoa kelele za redio zilizomsumbua jirani yao kipokezi. Adui wa nje, kwa maneno mengine, mara kwa mara alikuwa amepanda ndani ya ndege.

Ni hapa ambapo swali la kale linarudi kwa sura kali. Abu Hamid al-Ghazali, katika *Tahafut al-Falasifa*, kitabu alichokimaliza mwaka 1095, alidai kwamba macho yanapoona pamba ikiungua ilipogusana na moto, yanachokiona ni kuungua pamoja na mgusano, wala hayaoni kuungua kwa mgusano. Uhusiano wa lazima kati ya viwili hivyo haumo katika kilichoonekana, na kwa Ghazali mtendaji wa kweli ni Mungu, anayeviumba vyote viwili kwa desturi yake. David Hume wa Scotland, akiandika katika karne ya 18 bila ya hitimisho hilo la kidini, alifika karibu na mlango ule ule: akili huona mfuatano na mazoea, na lazima huiongeza yenyewe. Ibn Rushd, takriban karne moja baada ya Ghazali, alimjibu kwamba anayezikana sababu ameikana akili, kwa maana akili haina kazi nyingine ila kuvijua vitu kwa sababu zake.

Yeyote aliyewahi kuitengeneza ndege yenye kasoro ya vipindi, yaani ile inayokuja na kutoweka, anajua kwamba tofauti kati ya *pamoja na* na *kwa* si ya kinadharia. Mchukulie fundi ambaye ndege yake ilitikisika mara mbili angani. Anaking'oa kipokezi, anaweka kipya, na ndege inaruka vizuri tangu siku hiyo. Anahitimisha kwamba kipokezi kilikuwa kibovu. Lakini kwa kukitoa alizichomoa plagi zote na kuzichomeka upya, na kitendo hicho pekee huyakwangua maganda ya kutu kwenye pini zake. Pia aliupanga upya waya wa antena, ambao kwa gigahezi 2.4 sehemu yake yenye kazi ni kama milimita 31 tu na huzibwa kirahisi na mwili wa ndege uliotengenezwa kwa nyuzi za kaboni. Uponyaji ulitokea pamoja na kipokezi kipya. Kama ulitokea kwa kipokezi kipya, hilo hakuliona, na kwa kadiri ndege inavyoendelea kuruka vizuri ndivyo anavyozidi kukosa njia ya kuliona. Kutengeneza na kujua ni mambo mawili, na la kwanza likifanikiwa mapema mno huweza kulizuia la pili.

Ibn Sina, aliyetangulia Ghazali, alikuwa ameligusa jambo hili alipotofautisha kati ya kukusanya mifano tu na kile alichokiita tajriba, yaani uzoefu uliochunguzwa. Mfano wake ulikuwa dawa ya sakamunia, ambayo ilionekana mara nyingi ikiitoa nyongo mwilini: kurudiwa mara nyingi, kwa maoni yake, kunaonyesha kwamba jambo si la bahati, kwa kuwa la bahati halitokei kila mara, lakini hitimisho linashika kwa sharti la mazingira yale ambamo lilionekana na haliendi zaidi ya hapo. Sharti hilo ndilo linalovunjwa kila mara mtu anaposema kwamba ndege ilijaribiwa ikawa salama, bila kuongeza kwamba ilijaribiwa ikiwa chini, mchana wa joto, bila upepo unaovikandamiza vibamba vyake.

Karne nyingi baadaye John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, aliziweka wazi kanuni za kutafuta sababu, iliyo maarufu zaidi ikiwa ile ya tofauti: hali mbili zikifanana katika kila kitu isipokuwa kimoja, na tukio likitokea katika moja lisitokee katika nyingine, basi kile kilichotofautiana ndicho sababu au sehemu yake. Warushaji ndege, wengi wao bila ya kumsoma Mill, huitumia kanuni hiyo kila wanapofanya jaribio la umbali. Rimoti hupunguzwa nguvu kwa makusudi, mwenye nayo hutembea takriban hatua 30 kutoka kwenye ndege, na sevo huchezeshwa mota ikiwa imezimwa. Kisha mwenzake huishikilia ndege kwa uthabiti, mota huwashwa kwa nguvu zote, na sevo huchezeshwa tena. Zikitulia mara ya kwanza na kutikisika mara ya pili, chanzo ni mota.

Au ndivyo inavyoonekana. Kwa kweli mota si hali moja, bali ni fungu la hali zilizofungwa pamoja: inaleta kelele za umeme, inaleta mtetemo, na inaivuta betri. Kanuni ya Mill inadai tofauti iwe moja, na ulimwengu haukujifunga kuzitoa tofauti moja moja. Mchunguzi mwenye subira hulifungua fungu hilo. Hukipa kipokezi betri yake ya pembeni, hivyo akaondoa mvuto wa betri huku kelele na mtetemo vikibaki. Huigongagonga ndege kwa kidole mota ikiwa imezimwa, hivyo akabaki na mtetemo peke yake. Huusogeza waya wa antena mbali na nyaya nene za mota, akitazama kama mtikisiko unapungua. Katika hatua hizi kuna uzuri ambao vitabu vya mantiki havionyeshi, nao ni kwamba maarifa yanapatikana kwa kuvitenga kwa mkono vitu ambavyo akili ilikuwa imeviita kwa jina moja.

Pamoja na hayo, mbinu hii ina mpaka, na mpaka huo aliuchora vizuri Pierre Duhem, mwanafizikia na mwanafalsafa wa Ufaransa, katika kitabu chake cha mwaka 1906 kuhusu nadharia ya fizikia. Alilinganisha fundi saa, anayeweza kuifungua saa iliyosimama na kulikagua kila gurudumu peke yake, na tabibu, ambaye hawezi kumpasua mgonjwa ili kulitafuta tatizo, bali hukisia kwa kuutazama mwili mzima ukifanya kazi. Duhem alitaka kusema kwamba mwanafizikia yuko upande wa tabibu, kwa sababu jaribio halipimi dai moja bali fungu zima la madai. Ndege ndogo ina tabia ya kuwa saa ikiwa mezani na mgonjwa ikiwa angani. Na shida yote ni kwamba ugonjwa huja angani, ilhali penseli na bisibisi ziko mezani.

Vifaa vya kisasa vimejaribu kuuziba mwanya huo kwa kuirekodi safari: kipokezi huandika volti ya chini kabisa iliyofikiwa na idadi ya ujumbe uliopotea, na huzituma habari hizo chini wakati ndege ingali hewani. Faida yake ni kubwa, lakini tatizo la sababu linarudi hapo hapo kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa kipokezi kilichozirai hakiwezi kutoa ushahidi wa kuzirai kwake. Kinachobaki katika rekodi ni ukimya, na ukimya uliosababishwa na kukatika kwa umeme unafanana kabisa na ule uliosababishwa na kuzibwa kwa mawimbi. Kinachovitofautisha ni jambo dogo: kama saa ya ndani ya kipokezi, inayohesabu muda tangu kiwashwe, imerudi sifuri, basi umeme ulikatika, kama imeendelea kuhesabu, basi umeme ulikuwepo na kilichokosekana ni mawimbi. Baadhi ya vipokezi hupepesa taa baada ya kuzirai kwa ajili hiyo hiyo, ili aliyeitua ndege salama aone kwamba aliponea. Lakini katika ajali ya kweli betri mara nyingi hung'oka kwa kishindo, na shahidi huyo naye hupotea.

Tuseme basi kila kitu kimejulikana. Ripoti inasema: betri ilikuwa na umri wa miaka kadhaa, asubuhi ilikuwa ya baridi, fimbo ya usukani ilikuwa ikikwama kidogo, na mrushaji aliipindua ndege kwa ghafla. Hakuna hata moja kati ya mambo manne hayo ambalo lingeiangusha ndege peke yake, na betri ile ile ilikuwa imeruka wiki nzima ya joto bila tatizo. Ipi ni sababu? Mill angejibu kwamba sababu, kwa maana ya kifalsafa, ni jumla ya masharti yote, na kwamba kulichagua moja na kulivika taji ni mazoea ya mazungumzo ya kawaida tu. Jibu hilo ni sahihi na halimsaidii mtu. R. G. Collingwood wa Oxford, katika kitabu chake cha metafizikia cha mwaka 1940, alitoa jingine lenye manufaa zaidi kwa mfano wa gari lililoteleza kwenye kona: kwa dereva sababu ni mwendo kasi, kwa msimamizi wa barabara ni ubovu wa barabara, na kwa mtengenezaji ni usanifu wa gari, kila mmoja akilitaja lile sharti ambalo yeye mwenyewe anaweza kulibadilisha. Sababu, kwa mtazamo huu, ni mpini ambao mtu fulani anaweza kuushika.

Kama Collingwood yuko sahihi, basi kuitaja sababu ni kitendo cha kimaadili kabla ya kuwa cha kisayansi. Mrushaji asemaye baridi amelitaja sharti asiloweza kulibadilisha, na kwa hiyo, japo maneno yake ni ya kweli, amejiondoa katika hesabu. Asemaye betri amejitia ndani yake. Mwingiliano wa mawimbi ulipendwa kwa muda mrefu kwa sababu hiyo hasa, kwamba haukuwa na mpini kwa yeyote aliyekuwapo uwanjani. Ndege ya kilo kadhaa yenye rafadha inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika huweza kumkata au kumuua mtu, na anayeirusha tena baada ya kutikisika, akiwa hajagusa kitu, anacheza na mwili wa mwingine kwa kutegemea maelezo aliyoyachagua kwa kuwa yanampa raha.

Itasemwa pengine kwamba yote ni majaliwa, na kwamba nadharia ya Ghazali, kwa kuikana lazima iliyomo katika vitu, inamruhusu mtu kutojali. Ghazali mwenyewe hakubaliani na tafsiri hiyo. Katika *Ihya Ulum al-Din*, penye kitabu cha tauhidi na kutawakali, alizigawa sababu ambazo watu huzishughulikia katika daraja tatu: za yakini, ambazo kwa desturi ya Mungu matokeo hayapatikani bila ya hizo, kama kuunyoosha mkono kwenye chakula, za dhana yenye nguvu, kama kuchukua masurufu safarini, na za kuwazia tu, ambazo mtu huzikimbilia kwa wasiwasi. Kuziacha za daraja la kwanza kwa jina la kutawakali alikuita wazimu, na zile za mwisho ndizo alizoona kwamba kuzishikilia hulipunguza tegemeo la mja kwa Mola wake. Mpangilio huu unalingana vizuri ajabu na meza ya fundi. Kuichaji betri na kuipima ikiwa chini ya mzigo ni katika yakini. Kufanya jaribio la umbali kabla ya safari ya kwanza ya siku ni katika dhana yenye nguvu. Kuzizungushia pete za feriti, yaani vipete vya kuzuia kelele za umeme, nyaya zote za sevo bila kuwapo dalili yoyote ya kelele, eti kwa sababu mtu mmoja alisikia kwamba zinasaidia, ni katika daraja la tatu, na ndiyo kazi ambayo wengi huipenda kuliko mbili za mwanzo.

Inabaki hali moja ambayo hoja zilizotajwa hazikuigusa, kwa kuwa zilihusu zaidi kujua kuliko kuuza. Ndege imetikisika, kila jaribio limefanywa, hakuna kilichoonekana. Desturi ya warushaji wazoefu ni kuvitoa kipokezi, swichi na betri kwa pamoja na kuweka vipya, wakikubali kwamba hawatajua kamwe kipi kati ya vitatu kilikuwa na kosa. Na uamuzi huo ni wa busara, kwani gharama ya kutojua ni ndogo kuliko gharama ya kujua kwa kuangusha ndege nyingine. Lakini vitu vitatu vile sasa vimo kwenye sanduku, viwili kati yake huenda ni vizima kabisa, na soko la vifaa vilivyotumika lipo. Sheria ya Kiislamu ya mauziano humlazimu muuzaji kuifichua kasoro anayoijua, na humpa mnunuzi hiari ya kurudisha bidhaa iliyokuwa na kasoro kabla ya kuinunua. Muuzaji huyu anaweza kusema kwa ukweli kwamba haijui kasoro yoyote ya kipokezi chake. Kwa kipimo cha Mill hajui. Kwa kipimo cha Ibn Sina hana tajriba inayomruhusu kukihukumu. Hata hivyo, anachokijua kwa yakini, nacho kimo ndani ya uwezo wake kukisema, ni kwamba kipokezi hicho kilikuwamo ndani ya ndege iliyotikisika na kwamba chanzo hakikupatikana. Mnunuzi anadai habari hiyo, hata kama itamfanya aondoke na bei ishuke hadi thamani ya plastiki, kwa sababu ni yeye, wala si muuzaji, atakayesimama uwanjani na watoto wa watu wakiwa nyuma yake.